Kuisoma spindeli isiyoonekana: mwongozo wa maabara kwa kitunguu, mahindi na barafu ya wauza samaki

Kila mwaka somo la mgawanyiko wa seli likifika kidato cha tatu, mimi ndiye hukusanya michoro ya wanafunzi baada ya kipindi cha maabara. Karibu yote hufanana. Kromosomu, vile vifurushi vya DNA vinavyobeba urithi wa seli, zimepangwa katikati ya seli, na kutoka kwa kila kromosomu zimevutwa nyuzi nyembamba hadi ncha mbili za seli, zimenyooka kana kwamba zimepigwa rula. Huwa nauliza: nani ameziona nyuzi hizi kwenye hadubini leo? Darasa hunyamaza. Mwaka jana msichana mmoja wa dawati la nyuma alijibu, "Mwalimu, mimi sikuziona. Nimezichora kwa sababu kitabuni zipo."

Alisema kweli. Nyuzi hizo, ambazo kwa pamoja huitwa spindeli, ni mikrotubuli, mirija ya protini yenye kipenyo cha nanomita 25. Hadubini ya shule haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko nanomita 200 hivi, na rangi tunayotumia hushika DNA, haishiki mirija. Hata wanasayansi walibishana miaka mingi kama nyuzi hizo ni kitu halisi au ni mikunjo tu inayoletwa na dawa za kuulia seli kabla ya kuitazama. Mwaka 1953 Shinya Inoué alizionyesha ndani ya seli hai, akitumia hadubini inayochuja mwanga ili utetemeke upande mmoja tu. Katika kazi yake ya miaka hiyohiyo alionyesha jambo ambalo ndilo nguzo ya mwongozo huu: ukiipoza seli, nyuzi hupotea, ukiipasha joto, hurudi.

Barafu hapa Kisumu haijawahi kutupungukia. Basi somo ninaloeleza hapa halimwombi mwanafunzi aone mirija. Linamwomba aiondoe, aone kromosomu zinafanya nini zikikosa wa kuzivuta, kisha airudishe. Akimaliza hapo, maneno kama "seli hudhibiti mikrotubuli" huwa na uzito kwake.

Kabla ya kushika wembe

Ukiingia maabara bila kuelewa mrija wenyewe ulivyo, utaona madoa mekundu tu. Kwa hiyo soma sehemu hii taratibu.

Fikiria mrija wa kunywea busaa, ule mrefu wenye uwazi ndani. Mikrotubuli ina uwazi kama huo, ila ukuta wake umejengwa kwa matofali ya protini iitwayo tubulini. Kila tofali ni jozi: tubulini alfa na tubulini beta, zimeshikana, urefu wake nanomita 8. Matofali hupangwa moja juu ya jingine kuwa safu, na safu 13 zikisimama bega kwa bega hufunga duara, ukapata mrija. Piga hesabu: kipande cha mikromita 1 kina matofali 125 katika kila safu, yaani 1,625 kwa jumla. Na mikromita 1 ni kipande kidogo tu cha mrija unaofanya kazi kwenye seli.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Kila tofali linalojiunga na mrija huja na GTP, molekuli ndogo yenye nishati, mgongoni. Muda mfupi baada ya kujengwa, GTP hiyo huvunjwa kuwa GDP. Tofali lenye GTP hukaa wima bila taabu. Lenye GDP hutaka kupinda nje, na linalolizuia ni majirani zake pamoja na kofia ya matofali mapya yenye GTP pale juu. Kofia ikiwepo, mrija hurefuka. Ujenzi ukichelewa kidogo tu, GTP ya juu yote ikavunjwa, kofia hupotea na safu huchanika kuelekea nje kama maganda ya ndizi, mrija mzima ukaporomoka kwa kasi kuliko ulivyojengwa. Wakati mwingine hunusurika katikati ya anguko, ukapata kofia mpya na kuanza kupanda tena. Tim Mitchison na Marc Kirschner ndio waliolieleza jambo hili mwaka 1984, nami naliona kuwa miongoni mwa mambo mazuri kuliko yote katika biolojia, kwa sababu maana yake ni hii: mrija haukai tu. Ama unapanda ama unaanguka.

Ndiyo maana seli haihitaji nyundo ya kubomolea wala fundi wa kuanzia msingi kila mara. Inachofanya ni kugeuza mambo manne: mirija ianzie wapi, ipande kwa kasi gani, ianguke mara ngapi, na inusurike mara ngapi. Shika hayo manne. Kila unachokiona kwenye slaidi ni matokeo yake.

Hatua ya kwanza: mizizi

Utahitaji mimea miwili. Kitunguu ni cha kujifunzia umbo la kila hatua. Kina kromosomu 16 tu, lakini ni kubwa mno, kwani DNA ya kitunguu ni karibu mara tano ya DNA ya binadamu. Mahindi ni ya jaribio la barafu. Kromosomu zake ni 20 na ni ndogo kuliko za kitunguu, ila mahindi ni mmea wa joto na mirija yake huvunjika upesi kwenye baridi. Kitunguu nimekijaribu kwenye barafu mara kadhaa; ni mmea unaovumilia baridi, na matokeo yake hunipa leo hivi, kesho vile.

Vitunguu mimi hununua soko la Kibuye. Chagua vyekundu vidogo, vigumu, vyenye kitako kikavu kisicho na ukungu. Kwangua mizizi mikavu ya zamani kwa wembe, lakini usikate ile duara ya kitako, kwani mizizi mipya hutokea pembeni yake. Chomeka vijiti vya meno vitatu ubavuni, ukiweke juu ya glasi ya maji kitako tu kikigusa. Maji ya mfereji yaache wazi kwenye beseni usiku kucha kwanza, dawa ya kusafishia iondoke, na uyabadilishe asubuhi na jioni. Kwa joto la huku siku ya pili au ya tatu utapata mizizi ya sentimita moja hadi mbili. Huo ndio urefu unaofaa. Ikipita hapo sana, anza na kitunguu kingine.

Mahindi usinunue ya mbegu kwenye duka la kilimo. Yale yenye rangi ya kupakwa yamefunikwa dawa ya wadudu na ukungu, na hutaki dawa hiyo mikononi mwa watoto wala ndani ya seli unazochunguza. Nunua punje za kawaida sokoni, zile zinazopelekwa kwenye posho mill, uchague zisizotobolewa na wadudu. Loweka usiku mmoja, kisha zipange juu ya tishu yenye unyevu ndani ya mkebe wa chakula, ufunike, uweke gizani. Siku mbili tatu zitoshe.

Hatua ya pili: barafu

Tengeneza makundi matatu ya punje zilizoota. La kwanza libaki kwenye maji ya kawaida. La pili liingie kwenye maji ya barafu kwa saa 24, na kutoka hapo liende moja kwa moja kwenye dawa ya kuhifadhi. La tatu likae kwenye barafu saa 24 zilezile, halafu litolewe na kuwekwa kwenye maji ya joto la kawaida la chumba kwa muda wa saa moja kabla ya kuhifadhiwa.

Barafu huwa natoa kwa akina mama wauza samaki kule Dunga, ikiwa imeshapondwa. Usiichanganye na maji ya mizizi, kwani ina ute wa samaki. Weka mizizi na maji yake safi kwenye chupa ndogo, na chupa uizamishe ndani ya barafu. Kikasha cha kubebea soda kinafaa, na thamosi yenye mdomo mpana inafaa zaidi. Kinachotakiwa ni kwamba wakati wote kuwe na vipande vya barafu vinavyoelea. Maadamu vinaelea, joto liko karibu na sifuri. Vikiisha tu, hesabu yako imeharibika.

Hili nalijua kwa machungu. Katika shule niliyofanya kazi kabla ya hii nilikuwa naweka mizizi kwenye friji. Usiku mmoja umeme ulipotea, na asubuhi nilipofika maji yalikuwa vuguvugu. Nilihifadhi mizizi hivyohivyo kwa kuwa kipindi kilikuwa kimefika. Slaidi zikaonyesha kromosomu zimepangwa vizuri katikati, nyingine zinavutwa, kana kwamba baridi haikuwahi kupita. Nilisimama mbele ya wanafunzi arobaini sina la kusema. Jioni, nikiwa naosha vyombo, ndipo nilipoelewa nilichokiona: mirija ilikuwa imejengwa upya kwa muda ule mfupi wa joto. Tangu hapo kundi la tatu nalifanya kwa makusudi, na ndilo wanafunzi hulipenda kuliko yote.

Neno moja kuhusu kolkisini. Miongozo mingi ya nje husema uitumie kuvunja spindeli. Inafanya kazi, kwani hushikamana na tubulini na kuizuia kujengwa. Lakini ni sumu kali kwa mtu, kidogo tu huua, na sioni sababu ya kuiweka kwenye rafu ya maabara ya shule ilhali barafu inafundisha jambo lilelile.

Hatua ya tatu: kuhifadhi

Changanya sehemu tatu za ethanoli na sehemu moja ya asidi ya asetiki kali. Changanya siku hiyohiyo unayoitumia. Ukiiacha hadi wiki ijayo, asidi na alkoholi huanza kuungana na kutengeneza kitu chenye harufu tamu kama ya kiondoa rangi ya kucha, na kazi yake hupungua. Dirisha liwe wazi, moto usiwepo karibu, glavu mkononi.

Kata ncha za mizizi, sentimita moja ya mwisho, uzidumbukize. Za kundi la pili zikatie ndani ya maji ya barafu, na dawa yake iwe imepozwa mapema. Usizibebe kiganjani ukizunguka meza. Mirija huanza kurudi ndani ya dakika chache. Mimi hukata kati ya saa tatu na saa tano asubuhi kwa sababu ndipo nimezoea kupata seli nyingi zinazogawanyika. Acha saa 24, kisha uhamishie kwenye ethanoli ya asilimia 70, hapo zitakaa wiki kadhaa mahali pa baridi.

Hatua ya nne: kulainisha na kupaka rangi

Seli za mmea zimegandishwa pamoja kama matofali na saruji. Asidi ya haidrokloriki ya mola 1 kwenye nyuzi joto 60 huyeyusha saruji hiyo. Ili upate mililita 100, mimina mililita 8 hivi za asidi kali ndani ya maji, kisha uongeze maji hadi alama. Asidi ndiyo huingia kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Huhitaji mashine ya kupasha: bakuli la maji ya thamosi yaliyopunguzwa kwa ya baridi hadi kipimajoto kisome 60 linatosha, na ndani yake usimamishe kichupa chenye asidi na mizizi. Dakika nane. Suuza kwa maji mara mbili.

Weka mzizi mmoja kwenye slaidi. Tafuta ile sehemu nyeupe zaidi mwishoni kabisa, milimita moja au mbili, ukate na kutupa iliyobaki. Wanafunzi wengi hukosea hapa: hubakiza kipande kirefu, ambacho ni seli zilizokwisha kurefuka na haziwezi kugawanyika tena. Tone la rangi ya aseto-kamini juu yake, uivuruge kidogo kwa sindano ya chuma, kwani chembe za chuma huifanya rangi ikolee. Subiri dakika tano hadi kumi bila kuacha tone likauke. Weka kioo cha kufunikia, ugonge taratibu kwa ncha ya kiberiti ukiona seli zinatawanyika kama wingu, kisha funika kwa tishu na ubonyeze kwa kidole gumba, wima, bila kukisogeza kioo. Kikiteleza hata kidogo, seli hujikunja na itabidi uanze upya.

Hatua ya tano: kusoma

Anza na kitunguu. Tafuta kwa lenzi ndogo, kisha uende kwenye lenzi ya 40. Seli nyingi zitakuwa na kiini cha duara kilichotulia. Hiyo ni intafezi, kipindi ambacho seli bado haijaanza kugawanyika. Usiipite haraka. Ndani yake mirija ipo chini ya utando wa seli, imejipanga kuizunguka, ikiongoza nyuzi za selulosi zinavyolazwa kwenye ukuta. Seli inapokaribia kugawanyika, mirija hiyo hukusanyika kuwa mkanda mmoja unaozunguka kiini. Mkanda hukaa muda mfupi na kupotea, lakini mahali ulipokuwa ndipo ukuta mpya utakapokuja kushika. Yaani seli imeshapima mahali pa kukata kabla hata kromosomu hazijaonekana.

Kiini kikianza kuonekana kama uzi uliofumwa ovyo, umefika profezi, hatua ya kwanza ya mgawanyiko. Hapa kinachoendesha mambo ni kimeng'enya CDK1 kikishirikiana na saiklini B, protini ambayo seli huilimbikiza hadi ifike kiwango fulani. CDK1 hupachika fosfeti kwenye protini nyingi zinazoshika mirija. Zile zilizokuwa zikiituliza huachia, na zile za kuivunja hupata nguvu. Mrija ambao kwenye intafezi ungeishi dakika kadhaa, sasa huishi chini ya dakika moja. Wanafunzi hushangaa: seli inataka kujenga, mbona inaharakisha kubomoa? Kwa sababu mrija mrefu uliotulia hauwezi kutafuta. Mirija mingi mifupi inayopanda, kuanguka na kupanda tena upande mwingine ndiyo itakayogusa kila kromosomu.

Hapo linakuja jambo la mirija ianzie wapi. Kwenye seli ya mnyama huanzia zaidi kwenye sentrosomu mbili. Kitunguu hakina sentrosomu, na mwanafunzi akiichora kwenye mzizi wa kitunguu mimi hukata alama. Mmea huanzisha mirija kwenye uso wa kiini, juu ya mirija mingine na kando ya kromosomu zenyewe. Kianzio ni pete ya tubulini ya aina ya tatu, iitwayo gama, inayofanya kazi kama msingi wa duara ambao safu 13 hukaa juu yake. Kundi la protini liitwalo augmini hubandika pete hizo ubavuni mwa mirija iliyokwisha kuwapo, ndipo mrija mmoja ukazaa matawi. Na kandokando ya kromosomu kuna protini ndogo Ran, ikiwa imebeba GTP. Huko ndiko inakozifungua protini kama TPX2 zilizokuwa zimeshikiliwa, nazo zikachochea ujenzi. Kwa hiyo kromosomu hazingoji tu kuvutwa, bali hutangaza ziko wapi.

Metafezi ndiyo picha wanayoipenda: kromosomu zimekaa mstari mmoja katikati. Mwambie mwanafunzi auangalie mstari huo kwa makini na ajiulize ni nani aliyeunyoosha. Kila kromosomu ina nakala mbili, na kila nakala ina kinetokori, mahali pa kushikwa. Mirija ya upande wa kushoto ikishika nakala moja na ya kulia ikashika nyingine, pale katikati panakuwa na mvutano, kama kamba inayovutwa na timu mbili zilizotoshana. Ikitokea nakala zote mbili zimeshikwa na upande mmoja, mvutano haupo, na kimeng'enya Aurora B huilegeza mishiko hiyo mibovu ili ijaribiwe tena. Na maadamu kuna kinetokori hata moja isiyo na mrija, protini kama Mad2 hutuma ishara ya kuzuia kila kitu. Kizuizi hicho kikiondoka, kundi la protini liitwalo APC/C huamuru mambo mawili yafanyike karibu kwa pamoja: gundi inayoshika nakala mbili ikatwe, na saiklini B iharibiwe.

Ndipo unapata anafezi, zile herufi V mbili zinazoachana. Ncha ya V inatangulia kwa sababu ndipo kinetokori ilipo, mikono inaburutwa nyuma. Hii ndiyo alama ya wazi kabisa ya mrija usioonekana, na mwanafunzi aichore kwa uangalifu. Mrija unafupika kwenye kinetokori yenyewe, na safu zinazochanika nje zina nguvu ya kusukuma kromosomu kuelekea ncha ya seli. Nguvu hiyo iliwekwa akiba wakati wa ujenzi, GTP ilipovunjwa. Anafezi utaziona chache kuliko profezi, kwani hupita upesi, na idadi unayohesabu kwenye slaidi hufuata muda ambao kila hatua huchukua.

Telofezi, hatua ya mwisho, ipite haraka, ila utafute mstari mwembamba kati ya viini viwili. Huko saiklini B imekwisha, mirija imepanga foleni mpya inayobeba vifuko vya malighafi hadi katikati, na ukuta mpya unakua kutoka ndani kwenda nje hadi ugonge pale palipopimwa na ule mkanda wa mwanzo.

Sasa weka slaidi za mahindi. Kundi la kwanza litafanana na kitunguu, ila dogo. Kwenye kundi la pili, la barafu, tafuta kromosomu fupi nene zilizotapakaa ovyo ndani ya seli, kama punje zilizomwagika kwenye ungo. Hakuna mstari wa katikati. Anafezi ni adimu au hakuna kabisa. Usitarajie rundo kubwa la seli za namna hiyo, kwa sababu kila kazi ya seli hupunguza mwendo kwenye baridi; tafuta kwa subira. Ukiipata moja, iache chini ya lenzi na umwite kila mwanafunzi aione. Kromosomu ziko zote, DNA iko salama, amri ya kugawanyika imeshatolewa, lakini hakuna wa kuzipeleka popote.

Kundi la tatu linaonyesha mstari umeanza kurudi, na ukibahatika, V za kwanza. Tubulini haikuwa imeharibika. Ilikuwa imetawanyika tu kama matofali yaliyopakuliwa chini, na joto likairudisha kazini.

Kuhesabu

Kwa kila kundi hesabu seli 500, ukizigawa kwa hatua. Ukipata 40 zinazogawanyika, kiwango ni asilimia 8. Hesabu kwa kupita slaidi kwa mistari, kama mtu anavyolima, usirukeruke kutafuta nzuri. Kitu muhimu cha kulinganisha kati ya makundi ni uwiano wa metafezi iliyopangwa, iliyotawanyika na anafezi.

Majina ambayo tayari wanayajua

Wanafunzi wakiniuliza haya yote yanawahusu nini, sitafuti mbali. Tembe ya albendazole ambayo wengi wao wamewahi kumeza shuleni dhidi ya minyoo hushika tubulini beta ya mnyoo zaidi sana kuliko ya mtu, mirija ya mnyoo ikakosa kujengwa. Kwenye minyoo ya kondoo na mbuzi kuna aina zisizosikia dawa za kundi hilo, na mara nyingi sababu ni badiliko la asidi amino moja tu kwenye tubulini beta, ile ya nafasi ya 200. Wafugaji wanaowapa mbuzi dawa ileile mwaka nenda mwaka rudi wanapaswa kulijua jambo hilo.

Pia kuna lile ua la rangi ya waridi linaloota kwenye nyua nyingi hapa Kisumu, Catharanthus roseus. Humo ndimo dawa ya vincristine ilimotolewa. Ukanda huu wa ziwa una watoto wanaougua limfoma ya Burkitt, uvimbe wa saratani wa taya ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda, na vincristine ni mojawapo ya dawa za kuutibu. Hushika tubulini, seli ya uvimbe hukwama na kromosomu zake zimetawanyika kama zile za mahindi yako, na ishara ya kuzuia haiondoki hadi seli ife. Neva nazo hutegemea mirija kusafirisha vitu hadi kwenye vidole, ndiyo maana mgonjwa huweza kupata ganzi mikononi na miguuni. Waambie wanafunzi waziwazi: ua hilo lisitafunwe wala kuchemshwa. Dawa hupimwa na daktari kwa miligramu, na mmea ni sumu.

Kutunza slaidi

Slaidi iliyotoka vizuri pakaa rangi ya kucha kuzunguka kioo cha juu, itakaa siku kadhaa. Piga picha kwa simu kupitia lenzi ya jicho, ukitegemeza mkono mezani. Asidi iliyotumika izimue kwa maji mengi na magadi kabla ya kumwaga. Na kwenye mchoro, mwanafunzi achore kromosomu alizoziona kwa mstari mzito. Akitaka kuweka mirija, aiweke kwa nukta nukta, na pembeni aandike ni alama gani kwenye kromosomu iliyomfanya aamini kwamba ipo hapo.